UZI: Mchanga wa kusubia alumini na shaba, wa kutengeneza mwenyewe kwa bei nafuu hapa Mombasa

#1 Kalibu_Changamwe

Assalaam aleikum mafundi, na hamjambo nyote.

Swali la mchanga wa kusubia, ule wa kutengenezea kalibu (umbo tupu la kumiminia metali iliyoyeyuka), limeulizwa humu mara nyingi na majibu yamekuja vipande vipande, kwa hivyo nayaweka pamoja. Nazungumzia mchanga mbichi tu, ule unaofungwa kwa udongo na maji na kumiminiwa ukiwa bado na unyevu wake. Ndio wa bei ya chini kuliko yote kwa sababu hautupwi. Unasubia, unauchekecha, unausubia tena, miaka.

Una vitu vitatu: chembe za silika, udongo unaonata, na maji. Kwa uzito, mchanga ni asilimia 85 hadi 90, udongo wa bentonaiti asilimia 7 hadi 10, maji asilimia 3 hadi 4. Tuugeuze kwa vipimo vya karakana. Debe la lita 20 la mchanga mkavu ni kilo 30 hivi. Tia bentonaiti kilo 2.7 hadi 3, na maji lita moja hadi moja na robo. Hapo umepata mchanga wa fremu (kisanduku cha kushindilia mchanga) ya sentimita 30 kwa 30, ya juu na ya chini, kila moja kimo cha sentimita 10, na kidogo kinabaki cha kuongezea.

Maji ndiyo yanayowaponza wengi. Mchanga ukibomoka mkononi, mtu huongeza maji. Ukibomoka tena, anaongeza tena, mwisho ana tope linaloshika vizuri na kutoa kitu kilichojaa mashimo. Nguvu ya mchanga haitoki kwenye maji. Inatoka kwenye udongo uliosuguliwa mpaka ukapaka kila chembe. Maji ni ya kuuamsha udongo tu.

Sasa mchanga wenyewe. Ule mweupe wa Diani na Tiwi unavutia kwa usafi wake, na haufai. Sehemu kubwa si silika, ni matumbawe na makome yaliyosagika. Watu wa Pwani wamechoma matumbawe karne nyingi kupata chokaa ya kujengea, na jambo hilo hilo litatokea ndani ya kalibu: likifika nyuzi 850 hivi kwenda juu, tumbawe hutoa gesi na kugeuka chokaa. Silika haiyeyuki mpaka nyuzi 1,700 na kitu. Tafuta mchanga wa mto, au wa bara. Unaotoka Mto Sabaki una silika nyingi kwa sababu umesafiri kutoka nyanda za juu. Kwenye yadi za vifaa vya ujenzi usiulize bei kwanza, uliza umechimbwa wapi.

Ukubwa wa chembe: kwa alumini, sehemu kubwa iwe kati ya milimita 0.1 na 0.3. Mchanga wa ujenzi una chembe kubwa zaidi, kwa hivyo utachekecha na kutupa mwingi. Wavu wa mbu wa dirishani unaondoa changarawe. Baada ya hapo pitisha kwenye chekecheke la unga lenye wavu mwembamba. Debe tatu za mchanga wa mto huweza kukupa debe moja tu inayofaa. Zile mbili zilizobaki fundi wa plasta atazichukua.

Kisha osha. Nusu ndoo ya mchanga, ujaze maji, koroga kwa mkono, hesabu mpaka 20, mwaga maji machafu. Rudia mpaka maji yawe meupe, mara 5 au 6. Kausha juani kwenye turubai.

#2 MwanaKilindini

Shukran kaka. Lakini nikuulize, kwa alumini tu: tunamimina nyuzi 720, chini ya hizo 850 ulizotaja. Mchanga wa ufuo wa Nyali ukioshwa chumvi ikaisha, kuna ubaya gani? Ni wa bure.

#3 Kalibu_Changamwe

Hoja yako ina uzito, MwanaKilindini. Kwa alumini gesi ya chokaa si tatizo kubwa. Matatizo ni mengine mawili. Chembe za kome ni laini, kila unaposhindilia zinavunjika, na baada ya kumimina mara kadhaa umejaza vumbi linaloziba njia za hewa. La pili, kome na tumbawe vina vitundu vinavyonywa maji, kwa hivyo kipimo chako cha unyevu kinakudanganya: mchanga unaonekana mkavu na ndani umebeba maji yanayotoka chuma kikifika. Na siku utakapotaka kumimina shaba itabidi uanze upya na mchanga mwingine.

Fuo zetu hazilingani, nyingine zina silika ya kutosha. Usikisie, pima. Gramu 100 za mchanga uliooshwa na kukauka, zitie kwenye chombo cha kioo, mimina dawa ya kusafishia vyoo yenye asidi ya hidrokloriki kidogo kidogo, nje penye upepo, na glavu. Ikitoa povu ni matumbawe. Endelea mpaka povu likome, suuza mara nyingi, kausha, pima tena. Kilichopungua ndicho tumbawe. Ukibaki na 95 au zaidi, tumia. Ukibaki na 60, warudishie samaki. Siki na ndimu pia hutoa povu ila dhaifu, zinatosha kwa kuangalia haraka tu. Asidi ya betri usitumie: inafunika kome kwa jasi na povu linakoma kabla ya kazi kuisha.

#4 Bi_Mfinyanzi

Niongeze upande wa udongo, maana hapo ndipo pesa hupotea bure.

Si kila udongo unaonata ni bentonaiti. Udongo wa kufinyangia vyungu mara nyingi una kaolini zaidi. Unafunga mchanga pia, lakini utahitaji karibu mara mbili ya kiasi, na maji zaidi, na hewa itapita kwa shida. Bentonaiti inavimba ikinywa maji, kaolini haivimbi. Jaribio ni hili: chukua gramu 2 za unga mkavu, mizani ndogo ya kidijitali ya kupimia vito inatosha. Tia maji mililita 100 kwenye chupa nyembamba iliyonyooka, uitie alama kwa bomba la sindano. Nyunyiza unga juu ya maji kwa ncha ya kijiko, kidogo sana kila mara, usubiri uzame ndio uongeze. Acha mpaka kesho yake. Bentonaiti nzuri ya sodiamu itakuwa imevimba kufika mililita 24 au zaidi. Kaolini hata 5 haifiki.

Pa kuipata: kwanza, mchanga wa choo cha paka madukani. Chukua aina inayoganda ikilowa, isiyo na manukato, na usome pakiti iseme bentonaiti. Zile za fuwele nyeupe, za mbao na za karatasi hazifai kabisa. Pili, wachimba visima hutumia bentonaiti kwa magunia, na ukihitaji nyingi hiyo ndiyo njia ya gharama ndogo. Tatu, maduka ya vifaa vya umeme huiuza kwa kazi ya athi (kuunganisha umeme na ardhi). Hapo uwe macho, maana nyingine zimechanganywa na chumvi, simenti au grafaiti. Fanya jaribio la kuvimba kabla ya kununua gunia zima.

Ukipata bentonaiti inayovimba kidogo, tuseme mililita 10 au 12, huenda ni ya kalsiamu. Usiitupe. Inaweza kuamshwa kwa soda, na soda tunayo: magadi. Magadi yale ya kupikia maharagwe ni soda ghafi kutoka Ziwa Magadi. Kwa kilo 1 ya udongo tumia gramu 40 hadi 50 za magadi yaliyosagwa, yayeyushe kwenye maji ya moto mililita 300, ukande na udongo kama unga wa chapati, funika kwa nailoni siku moja au mbili, kausha, twanga. Rudia jaribio la kuvimba uone tofauti. Usizidishe magadi, yakizidi udongo unalegea tena.

Na jambo la hapa kwetu hasa: maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na chumvi inazuia bentonaiti isivimbe. Mtu anaweka udongo ule ule, kipimo kile kile, na mchanga hauna nguvu, analaumu duka. Kosa ni maji. Tumia maji ya mfereji au ya mvua. Ndiyo sababu pia mchanga wa ufuo lazima uoshwe kwa maji baridi yasiyo ya kisima.

#5 Fundi_Mikindani

Bi Mfinyanzi amesema kweli tupu kuhusu chumvi.

Kuhusu choo cha paka: kinakuja kwa punje, na punje hazifungi mchanga. Lazima ziwe unga kama wa ngano. Waeza kutwanga kwenye kinu cha mbao ulichokitenga kwa kazi hiyo, kisha uchekeche kwa kitambaa cha soksi nyembamba. Usipeleke kwenye mashine ya posho. Mabaki yatabaki kwenye mawe ya mashine na kuingia kwenye unga wa watu.

Njia ya kuloweka nayo ipo, lakini bentonaiti inanywa maji mara kadhaa ya uzito wake. Kilo 3 zitataka zaidi ya lita 20 za maji ndipo ziwe uji unaochanganyika, na mchanga wako utageuka bwawa linalohitaji siku 3 za jua kurudi kwenye unyevu sawa. Wakati wa kaskazi sawa, jua lipo. Masika usijaribu.

Sasa kusugua, ndiko kwenye kazi. Kuchanganya kwa beleshi hakutoshi. Udongo unabaki vidonge vidogo katikati ya chembe, unauona kama madoadoa. Lazima mchanga ubanwe na kuburutwa kwa pamoja ndipo udongo upake. Viwanda vina vinu vyenye magurudumu mazito. Badala yake: kipande cha bomba la chuma la inchi 6, urefu sentimita 40, kijazwe zege, kipite kipini katikati. Tandaza mchanga kwenye bati nene, unene wa sentimita 3, viringisha huku ukikandamiza na kuusukuma kando kidogo usiishie kuviringika tu. Kusanya, geuza, tandaza tena. Dakika 20 kwa nusu debe. Asiye na bomba avae buti za mpira na akanyage akizungusha kisigino.

Mpangilio: changanya mchanga na unga wa udongo vikiwa vikavu kwanza, dakika 5, ukiwa umefunika pua. Ndipo maji, kwa bomba la kunyunyizia la bustani, ukungu na si mkondo. Tia theluthi mbili ya maji, sugua, onja kwa mkono, kisha malizia. Ukimwaga maji kwa kikombe utapata mabonge yaliyolowa nje na makavu ndani, na hayavunjiki tena.

Ukimaliza funika kwa turubai ulale nao. Saa 12 kwa uchache. Kesho yake utakuta mchanga ule ule una nguvu zaidi bila kuongeza kitu, kwa sababu maji yamesambaa na udongo umevimba sawasawa. Pitisha kwenye wavu mara moja, ndio utumie.

#6 MwanaKilindini

Kuonja kwa mkono ndiko kunakonishinda. Kila fundi ana mkono wake. Kuna kipimo?

#7 Fundi_Mikindani

Kipo, na mkono pia ufundishwe. Tuanze na mkono. Kamata konzi moja, finya kwa nguvu, fungua. Alama za vidole ziwe zimejichora wazi, hata mikunjo ya viungo ionekane. Kiganja kisiwe kimelowa wala kuchafuka, kiwe na vumbi kidogo tu. Sasa shika bonge ncha mbili ulivunje katikati: livunjike pwa, mahali pamoja, kingo zikiwa kali kama biskuti. Likivunjika na kumwagika pembeni, ni kavu au halijasuguliwa. Likipinda kabla ya kuvunjika na kuacha uteute kiganjani, maji yamezidi.

Kwa mizani: pima gramu 500 za mchanga ulio tayari, weka kwenye kikaango kwenye moto mdogo, ukikoroga, mpaka kioo ukikiweka juu kisipate mvuke. Acha upoe, pima. Ukipata 482, umepoteza gramu 18, ambayo ni asilimia 3.6. Hapo uko sawa. Chini ya 3 mchanga utamomonyoka ukitoa modeli (kielelezo cha kazi kinachozikwa mchangani ili kiache umbo lake). Juu ya 5 usimimine, uache wazi upigwe na upepo.

Na kipimo cha hewa: kipande cha bomba la plastiki la inchi 2, tia mchanga, shindilia mara 3 kwa gogo linaloingia sawasawa, ubaki kimo cha sentimita 5. Puliza kwa mdomo upande mmoja. Pumzi ipite kwa kuzuiwa kidogo. Isipopita kabisa, una vumbi jingi au umeshindilia kupita kiasi. Puliza tu, usivute.

#8 Kusi_na_Kaskazi

Naomba msaada kwa picha hii mafundi. Puli ya alumini ya inchi 6, mchanga kilo 30 kwa bentonaiti kilo 3, unyevu haukupimwa. Uso wa juu una mashimo ya ukubwa wa punje ya mtama, na nyingine zimeonekana chini ya ngozi baada ya kuikereza kwenye mashine. Karibu na kitovu kuna pengo moja kubwa kiasi cha ncha ya kidole. Mchanga ndio kosa?

#9 Kalibu_Changamwe

Kaka, umeonyesha maradhi mawili kwa pamoja, na yanatibiwa tofauti.

Angalia ukuta wa mashimo madogo. Ukiwa mviringo na laini unaong'aa, ni gesi. Gesi hiyo ni mvuke wa maji ya mchanga, au ni hidrojeni iliyonywewa na alumini kwenye tanuri. Yakiwa yamesambaa mwili mzima kama vitundu vya sindano, ni alumini: umepasha moto kupita kiasi, umeikoroga sana, au vyuma chakavu vilikuwa na unyevu na mafuta. Yakiwa karibu na uso wa juu tu, chini ya ngozi, kama yako, mtuhumiwa ni mchanga. Pima unyevu kama alivyoeleza Fundi hapo juu. Kisha toboa matundu ya hewa kwa spoki ya baiskeli kila sentimita 3 au 4, ncha iishie sentimita moja juu ya modeli. Na punguza mkono: mchanga ulioshindiliwa sawa, ukiubonyeza kwa kidole gumba unaacha alama hafifu. Usipoacha alama kabisa umeuua.

Lile pengo la kitovuni silo la mchanga. Ingiza ncha ya msumari ndani utahisi ukuta una miiba miiba, haukulainika. Huko ni kusinyaa. Alumini ikiganda hupungua ujazo wake asilimia 6 hivi, na sehemu nene ndiyo huganda mwisho, kwa hivyo inanyonywa na pembe zilizotangulia. Dawa ni kisima cha kulishia (shimo linalobeba alumini ya akiba iliyoyeyuka) juu ya kitovu, kipenyo kiwe mara moja na nusu ya unene wa kitovu, ili kisima kigande baada ya kitovu. Hata uwe na mchanga bora duniani, puli bila kisima itatoboka pale pale.

Usisahau kuongeza vipimo vya modeli. Kwa alumini ongeza asilimia 1.3: penye milimita 100 weka 101.3. Na mteremko wa nyuzi 2 au 3 ubavuni ili modeli itoke bila kuburuta mchanga.

#10 Kusi_na_Kaskazi

Ahsante sana, ukuta wa pengo una miiba kweli. Swali la pili: kuna fundi aliyeniambia nichanganye oili chafu ya gari badala ya maji, eti gesi inaisha.

#11 Bi_Mfinyanzi

Hapana mwanangu. Mchanga wa oili upo na ni mzuri mno kwa kazi zenye nakshi ndogo, lakini udongo wake si huu. Ni bentonaiti iliyotiwa dawa kiwandani ili ishikane na mafuta badala ya maji. Bentonaiti ya kawaida haivimbi kwenye oili. Utapata mchanga mweusi wenye mafuta usiokamatana, halafu ukimimina unatoa moshi mzito wa oili iliyotumika, na oili hiyo ina masalia ya madini yasiyofaa kuvutwa. Bei ya udongo wenye dawa ni kubwa, kwa hivyo tunatoka kwenye lengo la uzi.

Ukitaka uso laini kwa gharama ndogo, fanya mchanga wa uso. Chukua sehemu ya kumi ya mchanga wako, upitishe kwenye soksi nyembamba, uwe laini kama chumvi ya mezani iliyosagwa. Funika modeli kwa huo unene wa sentimita 2, kisha jaza mchanga wa kawaida nyuma yake. Hivyo uso unakuwa laini na hewa bado inapita nyuma. Ukisubia kwa mchanga laini mtupu, hewa inakwama.

Kati ya fremu mbili na juu ya modeli pigapiga poda ya watoto iliyofungwa ndani ya soksi. Mchanga hautashikana.

#12 ShabaYaKale

Nimesoma kimya, naona alumini imepata haki yake. Kwa shaba na bronzi kuna mambo matatu ya kuongeza.

Joto la kumimina ni nyuzi 1,050 hadi 1,150. Katikati ya safari hiyo, kwenye nyuzi 573, silika inavimba ghafla. Uso wa kalibu ukipata joto la mnururisho kabla shaba haijajaa, ngozi ya mchanga inapanuka, inakosa pa kwenda, inapasuka na kuanguka ndani. Kwenye kazi yako utaona kigaga kilichoinuka, na chini yake mchanga umenaswa. Mafundi wengi huita hiyo mchanga mbovu. Dawa: unga wa mbao uliochekechwa, nusu hadi asilimia moja kwa uzito, yaani gramu 150 hadi 300 kwa debe. Unaungua na kuacha nafasi chembe zipanukie. Na jaza haraka, bila kukatiza mkondo.

La pili, kausha uso. Baada ya kutoa modeli pitisha moto wa gesi juu ya uso wa kalibu mpaka milimita 3 au 5 zibadilike rangi ziwe nyeupe. Mimina ndani ya saa moja. Ukiiacha usiku kucha na hewa yetu hii, unyevu wa nyuma unarudi mbele.

La tatu: shaba ya manjano ina zinki, na zinki inachemka chini ya joto unalomiminia. Moshi mweupe ule ukiuvuta, jioni unapata homa na kutetemeka. Miminia nje, simama upande upepo unakotokea.

Kuhusu makaa ya mawe yaliyosagwa yanayotajwa kwenye vitabu: hayo ni ya chuma cha kusubu. Kwa alumini na shaba usiyanunue.

#13 MwanaKilindini

Na viini, vile vipande vya mchanga vinavyoacha tundu ndani ya kazi? Bushi ya shaba lazima iwe na tundu. Kiini cha mchanga mbichi kinavunjika kikiwa chembamba.

#14 ShabaYaKale

Sahihi, mchanga mbichi haufai kwa kiini chembamba. Njia mbili za bei ndogo.

Silikati ya sodiamu: wanaotengeneza sabuni huinunua kwa madumu, uliza wauza kemikali za sabuni. Mchanga mkavu uliooshwa kilo 10, silikati gramu 400. Hapa usitie udongo wowote. Changanya dakika 3, shindilia kwenye bomba lililokatwa nusu kwa nusu, choma tundu katikati kwa spoki, kisha pitisha gesi ya kaboni dayoksaidi kwa nguvu ndogo sekunde 15 hadi 20. Kinakuwa kigumu kama jiwe. Ukizidisha gesi kinageuka unga unga baada ya siku mbili. Ubaya wake ni kukitoa: ndani ya shaba kinagoma, utakipiga patasi. Unga wa mbao asilimia moja husaidia.

Au molasi, ile ya kulishia ng'ombe. Mchanga kilo 10, unga wa ngano gramu 200, molasi gramu 300 iliyozimuliwa kwa maji kidogo. Oka kwa nyuzi 180 hadi 200 mpaka kiwe hudhurungi iliyokoza kama kahawa. Kiini cha unene wa sentimita 4 kinataka saa moja au zaidi. Kikiwa bado cha manjano ndani, kitatoa gesi. Hiki kinavunjika chenyewe baada ya kumimina, na kwa bushi ndicho bora.

#15 Bi_Mfinyanzi

Kabla watu hawajakimbilia karakana: vumbi la silika. Halikukohoeshi leo. Linakaa kwenye mapafu na kuyatia makovu taratibu, na halina tiba. Barakoa ya N95 unapochekecha mchanga mkavu na unapovunja kalibu, kitambaa cha shingoni hakizuii. Sakafu inyunyizwe maji kidogo kabla ya kufagia, lakini si pale unapomiminia. Hapo pawe na kitanda cha mchanga mkavu, unene wa sentimita 5, kwa sababu shaba ikidondoka kwenye saruji, maji yaliyomo ndani ya saruji yanalipuka na kurusha vipande. Viatu vya ngozi, nguo za pamba. Si kandambili, jamani.

#16 Kusi_na_Kaskazi

Nimeelewa. La mwisho: mchanga umeshatumika mara kumi, umekuwa mweusi. Nitajuaje kama nitie udongo au nitie maji?

#17 Kalibu_Changamwe

Weusi peke yake si ugonjwa. Kinachotokea ni kwamba bentonaiti iliyogusana na shaba ikapita nyuzi 600 hivi inapoteza maji yake ya ndani na kufa. Haivimbi tena hata uiloweke wiki. Inabaki kama vumbi linalonywa maji bila kufunga chochote. Alumini huua ngozi nyembamba tu, shaba huua sentimita moja nzima.

Kwa hivyo ukivunja kalibu, ule utando uliobadilika rangi na kushikamana na kazi uubandue utupwe. Uliobaki uchekeche ukiwa na uvuguvugu, nyunyizia maji, sugua dakika 5. Baada ya kila siku ya alumini ongeza gramu 100 hadi 150 za bentonaiti kwa debe. Kwa shaba ongeza mara mbili ya hapo, na mchanga mpya kilo moja badala ya uliotupa.

Sasa swali lako. Pima unyevu kwa kikaango. Ukiwa 3.5 na bonge linamwagika likivunjwa, udongo hai umekwisha: tia udongo, usitie maji. Ukiwa chini ya 3, tia maji kwanza na usugue, ndipo uhukumu. Na ukiona unahitaji asilimia 5 ya maji ili mkono uhisi vile ulivyohisi zamani kwa 3.5, basi vumbi na udongo mfu vimejaa. Chukua robo ya mchanga wote, uoshe kwenye ndoo kama siku ya kwanza, mwaga tope jeusi, kausha, urudishe ndani na bentonaiti yake asilimia 10.

Uhifadhi kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko. Ukiacha wazi kipindi cha kusi, sentimita 5 za juu zitakauka usiku mmoja na za chini zibaki na maji, na kesho yake utapima kwa mkono ule wa juu.